Mafuta Kwenye Kinyungu cha Mama Velonika

Siku niliyoripoti kazini kwenye maabara ya maji Njombe, Mzee Kiswaga hakuniuliza cheti. Aliniuliza kama navuta sigara. Nilipojibu kuwa sivuti, akauliza kama najipaka manukato. Nikamwambia najipaka kidogo siku za kanisani. Akasema Jumapili ni yangu, lakini kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa pua yangu ni mali ya ofisi. Ndivyo nilivyoianza kazi niliyostaafu mwezi uliopita, na kwa kuwa ninyi mliobaki pale maabara mliniomba niandike, naandika. Vyeo vyangu na madaraja ya mshahara mtavikuta kwenye faili, kama panya hawajavifikia. Mimi nitaandika yale ambayo faili halina.

Mzee Kiswaga alikuwa fundi sanifu mkuu, Mbena wa Mdandu kama mimi, mfupi, mwenye koti la sufu alilolivaa mwaka mzima. Wiki yangu ya kwanza alinituma Makambako kuchota maji ya kisima kilichokuwa karibu na gereji, maana watu walilalamika kuwa yana utando. Niliyachota kwenye chupa tupu ya soda, ya plastiki, nikarudi nayo nikijiona nimefanya kazi. Aliipokea, akaiweka dirishani, akaendelea na shughuli zake. Nilipomuuliza tutapima saa ngapi, alisema hakuna cha kupima, kwa sababu plastiki imeshakunywa nusu ya mafuta na nusu iliyobaki imechanganyika na harufu ya soda. Maji yanayoshukiwa kuwa na mafuta hubebwa kwa chupa ya kioo cheusi, hujazwa mpaka juu kabisa isibaki hewa, na hufungwa hapo hapo kisimani. Nikarudishwa Makambako siku ile ile. Nililia kidogo njiani, halafu nikajaza chupa ya kioo mpaka ikafurika, na tangu hapo sijawahi kurudia kosa hilo.

Ninyi mnaofanya kazi sasa mna vipasha joto vya umeme ofisini. Sisi mwezi wa sita tulikuwa tunapasha vidole kwenye kikombe cha chai ndipo tuweze kufunga vizibo. Nalisema hili si kwa kulalamika, ni ili mjue kwa nini maandishi ya daftari za zamani yanayumba kila katikati ya mwaka. Hatukuwa tumelewa ulanzi, pombe yetu ya mianzi.

Miaka yangu ya mwanzo niliimaliza zaidi kwenye gereji za Makambako. Mji ule unaishi kwa magari. Malori ya Songea, ya Mbeya na yale yanayovuka mpaka yote yanapumzika pale, na oili chafu iliyokuwa ikimwagwa mitaroni ilikuwa nyingi kuliko mvua za masika. Mafundi na wasafirishaji wengi walikuwa wageni, watu wa Tanga, Singida, Kigoma, na wengi wao Waislamu waliotuzoea sisi Walutheri wa nyanda za juu kama sisi tulivyowazoea wao. Mmoja alikuwa Hajji Salum, mwenyeji wa Tanga, aliyekuwa na yadi ya malori. Nilipokwenda kumkagua mara ya kwanza alinikaribisha chai, na wakati nakunywa fundi wake akamwaga ndoo ya oili mtaroni mbele yangu. Hajji alikuwa hajui kuwa kuna ubaya. Nilimpeleka mpaka mwisho wa mtaro nikamwonyesha unapoingia kijitoni. Hakubishana. Baada ya wiki mbili alikuwa amejenga shimo la saruji la kukusanyia oili, na kabla mwaka haujaisha alikuwa anawagombeza majirani zake kwa ukali ambao mimi, mwenye sheria mkononi, sikuwa nao.

Katikati ya safari yangu ya kazi, kampuni za nishati zilipokuwa zinatafuta gesi na mafuta baharini, serikali iliita watu wa maji kutoka mikoa mbalimbali kwenda pwani kujifunza namna ya kukabili mafuta yakimwagika. Jina langu likatoka. Ofisi nzima ilicheka. Mtu wa Mdandu, anayejua milima ya Kitulo na baridi yake, anakwenda kuzuia mafuta baharini. Na kweli, siku ya kwanza kwenye boti nilitapika mpaka mwalimu wetu, Bwana Makame, akaniambia nimechafua bahari kabla ya kampuni yoyote.

Huyo Bwana Makame alikuwa mhandisi wa Kizanzibari, mtaratibu, aliyewahi kushughulikia meli iliyovujisha mafuta karibu na ufukwe. Alitupeleka mahali hapo, kwenye mikoko. Kwa macho palikuwa pazuri, majani ya kijani, kaa wanakimbia. Akachukua koleo akachimba shimo la kina cha goti, akatuambia tusubiri. Maji yakajaa taratibu, na juu yake kikatanda kitu cheusi kinachong'aa. Yalikuwa mafuta ya miaka mingi iliyopita. Alituambia kampuni ilishafunga faili, ikapiga picha za mikoko ya kijani na kuondoka, lakini wanawake wa pale waliokuwa wanakusanya chaza hawakurudi tena kwenye kazi yao. Sikuitoa picha hiyo kichwani.

Alitufundisha mengi, lakini mawili ndiyo yaliyokuja kuniokoa. La kwanza, kwamba mafuta huelea, kwa hiyo ukiweka kizuizi kinachoelea, maji hupita chini na mafuta hubaki juu. La pili lilihusu karatasi. Alisema unapochukua sampuli kwenye eneo la kampuni au karibu nayo, igawe mbele yao. Chupa moja yako, moja yao, zote zitiwe lakiri, pande zote mbili zitie saini. Wengi kwenye darasa waliona huo ni urasimu. Mimi niliandika na kupigia mstari, kwa sababu nilikuwa nimelelewa na Mzee Kiswaga.

Sasa nifike kwenye shauri lenyewe, maana najua ndilo mnalolitaka.

Asubuhi moja ya kiangazi aliingia maabara mama mmoja wa makamo, kitenge kimefungwa vizuri, mkononi ana chupa ya chai. Akasalimu, "Kamwene," tukamjibu, tukadhani ametuletea uji. Jina lake lilikuwa Velonika, mkulima wa bonde lililo pembeni mwa Makambako. Kule watu hulima vinyungu, zile bustani za bondeni zinazotunza unyevu hata kiangazi, na yeye alikuwa na mboga, viazi na mahindi mabichi ya kuuza. Alieleza kuwa kwa miezi kadhaa maji ya chemchemi yao yalikuwa yananuka mafuta ya taa. Alikuwa ameshakwenda kwa watu wawili wenye ofisi. Mmoja alimwambia ayachemshe. Aliyachemsha, na nyumba nzima ikanuka.

Nilifungua ile chupa ya chai. Harufu ilinijia kabla kifuniko hakijatoka. Ndani ya chupa ya chai ni kioo, na alikuwa ameijaza mpaka juu. Nilimuuliza nani alimfundisha kubeba maji hivyo. Akasema hakufundishwa na mtu, ila alitaka harufu isipotee njiani, ili safari hii asiambiwe achemshe.

Nilikwenda naye siku hiyo hiyo. Juu ya bonde, upande wa barabara kuu, palikuwa na depo ya mafuta ya kampuni moja ambayo sitaitaja, maana tulishamalizana nayo. Ilikuwa inahifadhi dizeli ya kwenda nje ya nchi. Chini yake, kama mwendo wa kutoka kanisani hadi sokoni, ndipo zilipoanza bustani. Mboga za mistari ya juu zilikuwa njano. Kwenye mfereji maji yalikuwa na rangi za upinde wa mvua, na wanawake wawili walikuwa wanachota chini kidogo ya hapo, wakisukuma utando kwa kata kabla ya kuchota. Hawakuwa na maji mengine. Mtoto wa mmoja wao alikuwa na vipele mikono yote. Kijito kile kinaendelea kwenda vijiji vingine viwili, kwa hiyo kila siku iliyopita ilikuwa inabeba shida kwenda kwa watu ambao bado hawajajua.

Vifaa vya kisasa vya kuzuia mafuta vilikuwa pwani. Sisi tulikuwa na mianzi. Niliwaeleza wanakijiji alichonifundisha Bwana Makame, na wao wakanifundisha jinsi ya kukifanya. Walikata mianzi mirefu mikavu, wakaifunga pamoja ikavuka kijito kutoka ukingo hadi ukingo, ikaelea. Nyuma yake tulipanga magunia yaliyojazwa maranda, kwa sababu maranda ya mbao hunywa mafuta, na Njombe haijawahi kupungukiwa maranda. Mwenye kiwanda cha kupasua mbao alitupa bure. Kuyasafirisha ndiko kulikokuwa na tabu, mpaka Hajji Salum alipoleta malori mawili bila kuombwa mara ya pili. Kanisani ilitangazwa Jumapili, msikitini walikuwa wameshatangaza Ijumaa. Tulijenga vizuizi vitatu kwa siku mbili. Siku ya tatu, chini ya kizuizi cha mwisho, maji yalipita bila utando, na wanaume waliokuwa wamesimama kwenye matope hadi mapajani wakayaangalia kama watu walioona mgonjwa akifumbua macho.

Lakini kuzuia si kuponya. Mafuta yaliendelea kuja, na magunia yalipaswa kubadilishwa kila siku. Ilibidi kutafuta yanakotoka.

Meneja wa depo alinipokea baada ya kunisubirisha getini muda wa kutosha mtu kusuka nywele. Alikuwa mpole, na upole wake haukuwa na mlango. Alinionyesha vitabu vya matangi, vyote safi, akakataa ombi langu la kupima bomba lililofukiwa, akaniambia mafuta yale yanatoka kwenye gereji zilizo juu zaidi, ng'ambo ya depo, na kwamba yeye mwenyewe anasikitika sana na tabia za mafundi. Gereji zilikuwepo, na mimi ndiye niliyetumia miaka kuzikagua.

Nikaanza kutoboa. Tulikuwa na keekee ya udongo, kile chuma kirefu unachokizungusha kwa mikono miwili na kinashuka taratibu. Nilianzia kwenye kinyungu cha Mama Velonika nikapanda kuelekea depo, kila hatua hamsini shimo moja. Kila shimo lilipofika kwenye maji nilishusha kamba yenye kitambaa cheupe, kikarudi na alama ya mafuta, na kadiri nilivyopanda ndivyo alama ilivyozidi kuwa nene. Shimo la mwisho lilikuwa nje kidogo ya uzio wa depo. Kitambaa kilirudi kimelowa dizeli tupu. Niliona nimeshinda. Meneja akatazama kitambaa, akasema kwa upole ule ule kwamba bila shaka mafuta ya gereji yanapita chini ya depo yake, na yeye pia ni mhanga.

Wiki iliyofuata kampuni ilileta magari ya maji safi kijijini, na magunia ya unga. Watu walifurahi, na nisingeweza kuwalaumu. Ila pamoja na unga kulikuwa na karatasi ya kutia saini. Walioileta walisema ni ya kuthibitisha mapokezi. Mama Velonika alisoma hadi darasa la saba na alikuwa anasoma kila kitu, hata maandishi ya pakiti za mbegu. Aliisoma karatasi yote akiwa amesimama kwenye foleni, wakati walio nyuma yake wanamhimiza. Ukurasa wa pili ulisema kuwa aliyesaini hana dai lolote dhidi ya kampuni, sasa wala baadaye.

Aliirudisha. Akamwambia kijana wa kampuni, kwa sauti ya kawaida lakini ya kusikika mpaka mwisho wa foleni, "Unga nimeuona. Maji yangu hayamo humu."

Foleni ikavunjika. Wachache walikuwa wameshasaini, na wakarudi kudai karatasi zao. Unga uliondoka na gari lililouleta.

Baada ya hapo mambo yalihamia kwangu. Bosi wangu wakati huo, Bwana Sanga, Mkinga mwenye roho nzuri na mwenye hofu nyingi, aliniita akafunga mlango. Alisema amepigiwa simu na watu ambao hawajitaji majina. Alisema depo ile inaajiri watu na mimi sina ushahidi ila vitambaa. Hakunikataza. Aliniomba nimpe kitu ambacho hata yeye mwoga ataweza kukisimamia. Niliondoka pale nimevunjika moyo, na mpaka leo namshukuru kwa kusema ukweli kuhusu woga wake, maana wengi huuita busara.

Mzee Kiswaga alikuwa ameshastaafu na amelazwa hospitali ya Tandala, kifua kinamsumbua. Nilikwenda kumwona, na kwa kuwa sikuwa na habari nyingine kichwani nilimchorea ramani ya mashimo yangu nyuma ya bahasha. Aliishika karibu na macho kwa muda mrefu. Nilidhani amesinzia.

"Umechimba kila unapotarajia kukuta mafuta," alisema. "Sasa kachimbe unapotarajia kukuta hakuna."

Sikumwelewa mara moja. Akaweka kidole kwenye nafasi kati ya depo na gereji. Kama mafuta yanatoka gereji na kupita chini ya depo, lazima yapite pale kwanza. Kama pale ni safi, hadithi ya meneja imekwisha. Nilimbusu mkono, nesi akashangaa.

Safari hii sikwenda peke yangu. Niliiandikia kampuni barua rasmi kuwaita washuhudie, na Bwana Sanga, pamoja na woga wake, akaisaini. Tulitoboa mashimo manne kwenye mstari wa juu, kati ya gereji na uzio. Meneja alisimama na kofia yake ya usalama, na Mama Velonika akasimama upande wa pili na kitenge chake. Kitambaa cha kwanza kilirudi cheupe. Cha pili, cha tatu, cha nne, vyote vyeupe vyenye matope tu. Kisha tukashuka hadi lile shimo la upande wa chini wa uzio, nikachota dizeli na kuigawa mbele ya watu wote, chupa mbili za kioo cheusi, lakiri juu ya vizibo, saini ya meneja na saini yangu kwenye kila chupa. Nilimkabidhi yake. Aliipokea kama mtu anayepokea mtoto wa mwenzie.

Chupa yangu ilikwenda maabara kuu kupimwa vinasaba. Mnajua hivyo ni vimiminika maalumu vinavyotiwa kwenye mafuta ya kutumika nchini, ili yatofautishwe na yale yanayopita kwenda nje. Mafuta ya gereji zetu yanatoka vituo vya hapa hapa, kwa hiyo yana vinasaba. Majibu yalirudi kuwa dizeli ya shimoni haikuwa navyo kabisa. Bohari pekee ya mafuta ya kwenda nje katika eneo lile ilikuwa ile depo.

Kampuni ilipopata nakala ya majibu, ilimwita Hajji Salum. Nusu ya malori yake yalikuwa yanafanya kazi kwao. Wakamwambia achague, wao au magunia ya maranda. Alikuja kunieleza mwenyewe, amekaa kwenye benchi la maabara na kofia yake magotini. Nilimwambia naelewa akiondoka, na nilimaanisha.

"Nilipofika Makambako sikuwa na mtu," alisema. "Watu wa bonde lile ndio walionipa maji na mahali pa kulala. Malori yatapata mzigo mwingine."

Kesho yake maranda yalifika kama kawaida, ila mapema zaidi.

Mamlaka inayosimamia kampuni za mafuta iliitisha kikao cha wazi kwenye ukumbi wa mjini Makambako. Mwenyekiti alikuwa mama mhandisi, mkavu, asiyeinua sauti. Ukumbi ulijaa, wakulima upande mmoja, madereva upande mwingine, wengine madirishani. Wakili wa kampuni alikuwa hodari. Alisema vitambaa si sayansi. Alisema sampuli yangu ilisafirishwa kwa gari la ofisi lililowahi kubeba madumu ya mafuta, kwamba imechafuliwa, na kwamba majibu yake hayana thamani. Kwa dakika kama kumi niliiona miezi yangu yote ikiyeyuka, maana gari lile kweli liliwahi kubeba madumu.

Mwenyekiti akaniuliza kama nina la kusema.

Nilisimama. "Kama yangu imechafuka, mheshimiwa, naomba ifunguliwe yao," nilisema. "Haijawahi kupanda gari letu."

Mwenyekiti akamgeukia meneja, akamuuliza chupa iko wapi. Meneja alimtazama wakili, wakili akatazama meza. Ikabidi iletwe kutoka kabati la depo. Lakiri ilikuwa nzima na saini yake mwenyewe ikiwa juu. Hawakuwa wameipima, na kila mtu ukumbini alielewa kwa nini. Mwenyekiti akaikabidhi kwa mtu wake, akaahirisha kikao, na tulipokutana tena akasoma majibu bila kubadilisha sauti. Yalifanana na yangu neno kwa neno.

Hapo ndipo akatoa amri niliyokuwa naiomba tangu mwanzo, kwamba bomba lililofukiwa kutoka matangi hadi sehemu ya kupakilia malori lipimwe kwa shinikizo, mbele ya wote. Tulitembea kutoka ukumbini hadi depo, watu wengi kama wa maandamano. Geti lililonisubirisha lilikuwa wazi. Mafundi walifunga bomba pande zote mbili, wakasukuma shinikizo hadi alama iliyotakiwa, wakafunga. Bomba lisilovuja huushikilia mshale wa geji pale pale. Tuliutazama. Kwa muda haukusogea. Kisha ukaanza kulala, taratibu, bila kusita, mpaka ukagusa sifuri. Mama Velonika, ambaye hakuwahi kuona geji maishani, aliniuliza kwa sauti ya chini maana yake ni nini. Nilimwambia maana yake ni kwamba yuko sahihi. Alinishika mkono akaubana, na sote wawili tukawa tunalia mbele ya mafundi wenye kofia za njano.

Bomba lilipofukuliwa lilikuwa limeliwa na kutu chini, mahali ambapo hakuna jicho lingefika. Ilikuja kubainika kuwa ripoti za ukaguzi wake zilikuwa zinanakiliwa mwaka hadi mwaka, tarehe tu ndiyo inabadilishwa. Depo ilifungwa. Kampuni ikaamriwa kuondoa udongo wote uliolowa, kusafisha maji ya chini kwa kuyavuta na kuyachuja, kuwalipa wakulima mazao yao, na kuwaletea watu wa bonde maji ya bomba kutoka chanzo kingine. Haikuruhusiwa kufungua mpaka mabomba yake yote yawe juu ya ardhi, yanaonekana, na mashimo manne ya uchunguzi yabaki kuzunguka uzio daima, yenye vifuniko na kufuli. Mwaka uliofuata mamlaka ililifanya jambo hilo kuwa sharti kwa kila depo kwenye barabara kuu yote. Bwana Makame alinipigia simu kutoka pwani kuniambia kuwa sasa na kampuni zinazochimba baharini zinatakiwa kugawana sampuli kwa lakiri na jamii za ufukweni, na kwamba katika mafunzo yake anatumia picha ya vizuizi vyetu vya mianzi. Nilimuuliza kama anawaambia kuwa nilitapika. Alisema ndiyo sehemu wanayoipenda zaidi.

Kusafisha kulichukua miaka, na nataka mlijue hilo, maana mshale hulala kwa dakika chache lakini udongo hauna haraka. Nilikwenda kupima kila baada ya miezi mitatu. Utando uliisha kwanza, harufu ikafuata, na mwisho yakawa yanabaki mabaki ambayo ni mashine tu iliyoweza kuyaona. Siku mashine nayo iliposema hakuna, Bwana Sanga alitoka ofisini kwake, akasoma karatasi mara mbili, akaagiza soda kwa maabara nzima. Mzee Kiswaga hakuwa hai tena kuiona karatasi ile, lakini alikuwa ameshausikia ule mshale wa geji nilipomsimulia Tandala, na aliniomba nimsimulie mara tatu.

Hajji Salum alipata mzigo mwingine, kama alivyosema. Malori yake sasa yanabeba parachichi za Njombe kwenda bandarini.

Niwamalizie na ukaguzi wangu wa mwisho, wiki ile ya kustaafu, kwa sababu baadhi yenu mlikuwepo na najua mnausimulia vibaya. Kampuni ilikuwa na meneja mpya, na siku hiyo alikuwa na wakubwa wake kutoka makao makuu, pamoja na yule mama mhandisi wa mamlaka, ambaye sasa alikuwa na cheo kikubwa zaidi. Msafara wa magari manne ulisimama kwenye shimo la kwanza la uchunguzi. Kwa mujibu wa masharti, funguo za mashimo ziko mbili, moja ya ofisi yetu na moja ya kamati ya maji ya kijiji, na kifuniko hakifunguliwi mpaka zote ziwepo. Mwenyekiti wa kamati ni Mama Velonika. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na kifuniko, ufunguo shingoni, daftari magotini, na nyuma yake vinyungu vimejaa kijani mpaka kwenye kijito.

Meneja mpya alimsalimia, akamweleza kwa heshima kuwa wageni hawa ni wakubwa sana na wana haraka, kwa hiyo pengine wangeanza kufungua, saini zifuate baadaye.

Mama Velonika alimsikiliza mpaka mwisho. Alivaa miwani yake, akalifungua daftari kwenye ukurasa mpya, akaandika tarehe pole pole. Kisha akamnyooshea kalamu, si meneja, ila yule mkubwa kuliko wote.

"Karibuni sana," alisema. "Tuanze na wewe, baba. Jina kamili, na hapa unasaini."

Yule mzee alisaini. Walio nyuma yake wakapanga foleni.